Dishi la Setilaiti Lodwar na Kakuma: Piga Hesabu ya Mwezi wa Nne Kabla ya Kulipa wa Kwanza

Ukitoka Lodwar kuelekea Kakuma, kwa ile barabara inayoendelea hadi Lokichoggio, ni kilomita 120 hivi. Shika simu mkononi uangalie alama ya netiwaki. Mjini iko sawa. Ukishaacha nyumba nyuma inaanza kupungua, na kuna vipande vya njia ambapo haipo kabisa, hata ukiinua simu juu kama mtu anayeita mvua.

Sababu yake si siri. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 926,976 Turkana nzima, na kaunti yenyewe ina zaidi ya kilomita za mraba 68,000. Eneo ni kubwa, watu wametawanyika, na wengi wanahama na mifugo. Kampuni ya simu ikipiga hesabu ya kusimamisha mnara mahali pa watu wachache, mara nyingi hesabu inakataa.

Ndiyo maana madishi ya setilaiti yameingia kwa kasi. Shule inataka, zahanati inataka, mwenye saiba anataka, chama cha kina mama kinauliza kama pesa za mzunguko zinaweza kununua moja. Na swali linaloulizwa karibu kila mara ni lile lile: "Dishi ni pesa ngapi?"

Swali si baya, ila halitoshi. Dishi halimshindi mtu siku ya kulinunua, maana siku hiyo pesa ipo, mmechanga, mna furaha. Linamshinda mwezi wa tatu au wa nne, wakati bili imefika, shule zimefungwa, na wateja wamepungua. Makala hii ni ya kukusaidia kuuona huo mwezi wa nne kabla hujaweka PIN yako.

Kwanza, setilaiti inafanyaje kazi?

Intaneti ya setilaiti si kitu kipya Kenya. Kituo cha Longonot, kule Bonde la Ufa, kilifunguliwa mwaka 1970 kuiunganisha nchi na dunia kupitia setilaiti. Kwa miaka mingi, hadi nyaya za chini ya bahari zilipofika Mombasa mwaka 2009, karibu intaneti yote ya Kenya ilipita angani, na ilikuwa ghali kwelikweli.

Setilaiti za aina hiyo ya zamani hukaa mbali sana, karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ukibonyeza kitu, ombi lako linapanda hadi huko na kushuka, halafu jibu linapanda na kushuka tena. Hiyo safari peke yake inakula karibu nusu sekunde. Ndiyo maana kwenye huduma hizo ukipiga simu ya video mnagongana maneno: unasema, unanyamaza, mwenzako anaanza, na wewe umeshaanza tena.

Hizi mpya, kama Starlink iliyoanza kuuzwa Kenya Julai 2023, hutumia maelfu ya setilaiti ndogo zinazozunguka chini zaidi, kama kilomita 550 hivi. Safari ni fupi, kwa hiyo majibu yanarudi haraka. Januari 2025 kampuni hiyo iliwasha kituo chake cha kuunganisha mitandao Nairobi, na muda wa kusubiri ukapungua tena kwa watumiaji wa Kenya.

Lakini kuwa chini kuna bei yake. Setilaiti haisimami mahali pamoja. Inapita, nyingine inapokea zamu. Dishi lako lazima lione anga pana bila kizuizi: si mkoma, si mgunga, si tangi la maji la jirani. Ukiona intaneti inakatika sekunde chache kila baada ya muda, usikimbilie kulaumu kampuni. Tazama juu kwanza.

Bei si namba moja, ni namba tatu

Namba ya kwanza ni ya kuingia. Vifaa vya Starlink vilipofika Kenya vilikuwa karibu shilingi 90,000. Baadaye bei ilishuka, na kufikia Agosti 2024 dishi la kawaida lilikuwa shilingi 45,500 na lile dogo shilingi 27,000.

Namba ya pili ni ya kila mwezi. Wakati huo huo wa 2024, mpango wa nyumbani usio na kikomo ulikuwa shilingi 6,500, na kukaletwa mpango wa GB 50 kwa shilingi 1,300, ambapo ukimaliza unaongeza kila GB kwa shilingi 20.

Namba ya tatu ni ya kuliweka hai: stima, betri, fundi, usafiri, waya uliotafunwa na mbuzi. Hii haimo kwenye tangazo lolote, na ndiyo inayowashangaza watu.

Kulikuwa pia na njia ya kukodi: ada ya kuanzisha shilingi 2,700, halafu shilingi 1,950 kila mwezi kwa ajili ya vifaa, mbali na bei ya intaneti yenyewe. Inavutia kwa sababu huhitaji kuchanga 45,500 kwa mpigo. Lakini hebu tujumlishe. Kodi ya miezi 22 ni shilingi 42,900. Ongeza ile 2,700 ya kuanzisha, unapata 45,600. Kwa hiyo mwezi wa 22 umeshapita bei ya kununua, na dishi bado si lako. Kukodi ni sawa kwa mradi wa miezi sita au wa mwaka. Kwa duka unalotarajia likae, ni ghali.

Bei hizi hubadilika mara kwa mara, tena bila kukuuliza. Zichukue kama mfano wa kupigia hesabu, halafu angalia bei ya leo kwa kampuni yenyewe kabla ya kulipa.

Hesabu ya saiba moja Kakuma

Tutunge mfano. Washirika watatu wana saiba Kakuma mjini. Wanafotokopi, wanajaza fomu za eCitizen, wanawasilisha ritani za KRA, wanaombea vijana nafasi za vyuo. Bando za simu zinawachelewesha, kwa hiyo wanataka dishi la kawaida. Hatujui mpango wa biashara watakaouchagua utakuwa bei gani siku hiyo, basi tutumie ile 6,500 kama namba ya kushikilia.

Kwa mwezi:

- Intaneti: 6,500
- Stima au mafuta ya jenereta (kadirio): 1,500
- Akiba ya matengenezo: 1,000
- Akiba ya kununua dishi jingine baada ya miaka 3 (45,500 ÷ miezi 36): 1,264

Jumla ni shilingi 10,264 kwa mwezi. Wakifungua siku 26, ni kama shilingi 395 kwa siku, kabla mtu hajajilipa mshahara wala kodi ya chumba.

Sasa, ikiwa kila mteja anaacha faida ya shilingi 50 baada ya kutoa karatasi na wino, wanahitaji wateja 8 kila siku ili dishi lijilipe. Mwezi wa Juni, kabla ya tarehe 30 ya mwisho wa kuwasilisha ritani, wanane ni wachache, foleni inafika nje. Lakini shule zikifungwa, au misaada ikichelewa kambini na mzunguko wa pesa ukakauka, wanaweza kupata wateja 3 kwa siku. Watatu mara 50 mara siku 26 ni shilingi 3,900. Pengo ni shilingi 6,364, na lazima litoke mfukoni mwa mtu.

Hapo ndipo urafiki unapopimwa. Mmoja anasema tulipe, mwingine anasema tuache mpaka shule zifunguliwe, wa tatu hashiki simu. Siku ya bili inapita, huduma inakatika, na yule mteja mmoja aliyekuja na haraka ya fomu ya mtoto wake anapelekwa duka la jirani. Hatarudi.

Kwa hiyo kanuni yetu ni hii: usinunue dishi mpaka uwe na bei ya vifaa pamoja na bili tatu mkononi. Kwa mfano huu ni 45,500 ongeza 19,500, yaani shilingi 65,000, bila kuhesabu mambo ya stima. Ukiwa na 45,500 peke yake, bado hujawa tayari. Weka hizo bili tatu kwenye akaunti ya akiba tofauti, isiyochanganyika na pesa za duka. Mwezi mzuri ukija, irudishie ulichochukua.

Stima: bili ya pili isiyoonekana

Lodwar kwa miaka mingi imetegemea kituo chake chenyewe cha kuzalisha stima kwa dizeli, mbali na gridi ya taifa. Kambini Kakuma, wafanyabiashara wengi hununua stima kwa wenye jenereta, na sehemu za Kalobeyei zinapata ya sola kutoka gridi ndogo. Kwa vyovyote, stima ikienda, dishi linaenda nayo. Halina betri ndani kama simu.

Dishi la kawaida linakula kama wati 75 hadi 100. Lile dogo ni kama wati 25 hadi 40. Ukiliacha dishi la kawaida liwake usiku na mchana kwa wati 75, ni yuniti 1.8 kwa siku, yaani yuniti 54 kwa mwezi. Ukilizima usiku duka likiwa limefungwa, unaokoa karibu nusu. Ni swichi moja tu.

Jua Turkana lipo, hilo halina ubishi, kwa hiyo sola ina maana. Kadirio la kuanzia, ukiliwasha dishi saa 14 kwa siku na saa 6 kati ya hizo ni za giza:

- Dishi dogo (wati 40): paneli ya wati 200 na betri ya volti 12 yenye Ah 50.
- Dishi la kawaida (wati 100): paneli za wati 400 na betri ya volti 12 yenye Ah 100.

Hii ni kwa dishi pekee. Ukiongeza kompyuta mbili, printa na feni, hesabu inaanza upya, na printa ndiyo mlafi kuliko wote. Mwite fundi wa sola akupigie hesabu ya vitu vyote kwa pamoja, na umlipe kwa awamu: sehemu ya vifaa kwanza, ya mwisho baada ya kuona mfumo umewaka usiku mzima.

Kwa wengi wenye duka dogo, tofauti hii ya stima ndiyo inayoamua. Dishi dogo lina kasi ndogo kidogo, lakini gharama yake ya kuliweka hai ni chini ya nusu.

GB 50 zinaenda wapi?

Shilingi 1,300 kwa GB 50 inaonekana bure. Kwa mtu mmoja wa barua pepe, WhatsApp na fomu, inatosha kabisa. Lakini video ya ubora wa juu inaweza kula GB 3 kwa saa moja. GB 50 gawanya kwa 3 ni saa 16 na ushee. Nyumba ya watu 10, kila mmoja amepata saa moja na nusu hivi kwa mwezi mzima, na bando imekwisha.

Halafu kuna wezi wa kimyakimya: simu zinazojisasisha zenyewe, picha zinazojipakia, kompyuta ikiamua kushusha programu mpya saa nane usiku. Ukichagua mpango wenye kikomo, fanya haya siku ya kwanza:

- Zima usasishaji wa moja kwa moja kwenye kila simu na kompyuta.
- Shusha ubora wa video.
- Weka nywila, na uibadilishe kila mwezi. Nywila ya mwezi wa kwanza huwa inajulikana hadi kituo cha boda.

Kabla ya hayo yote, fanya kazi moja ya dakika tano: omba taarifa ya akaunti yako ya miezi mitatu, ukajumlishe pesa zote ulizonunulia bando. Wengi hawajawahi kuijumlisha. Ukikuta unatumia 900 kwa mwezi na netiwaki ya mnara inakufikia vizuri, dishi halikusaidii kuokoa, litakuongezea gharama. Ukikuta nyumba au ofisi nzima inatumia 7,000, sasa tunaweza kuongea.

Mipaka isiyoandikwa kwenye tangazo

Joto. Dishi la Starlink limetengenezwa kufanya kazi hadi nyuzi 50. Lodwar hewa hufika 38 au 40 bila shida, lakini bati la paa saa saba mchana ni moto kuliko hewa. Ukililaza dishi juu ya bati, linaweza kujipunguzia kasi au kujizima lipoe. Liinue juu ya mlingoti mfupi hewa ipite chini yake. Na lifutwe vumbi.

Kuta na mabati. Intaneti inafika kwenye dishi. Kutoka pale hadi kwenye simu yako ni kazi ya ruta, na Wi-Fi ya ruta haipendi mabati. Chumba cha pili kinaweza kupata, darasa la upande wa pili wa uwanja lisipate. Usiahidi shule nzima kwa ruta moja.

Msongamano. Setilaiti hugawanya uwezo wake kwa eneo. Novemba 2024 Starlink ilisimamisha kusajili wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani kwa sababu nafasi ilijaa, na ilirudisha usajili katikati ya 2025. Turkana ina nafasi zaidi, maana watu wametawanyika. Lakini madishi mengi yakikusanyika katika kipande kidogo kama Kakuma, saa za jioni kasi inaweza kushuka hata Turkana.

Kuzimika kote. Tarehe 24 Julai 2025 Starlink ilizimika duniani kwa takriban saa mbili na nusu kwa sababu ya hitilafu ya programu zake za ndani. Haikujali kama uko Lodwar au Marekani. Kwa hiyo usitupe laini yako ya simu. Weka bando dogo la akiba kwa siku kama hiyo.

Dishi halileti laini

Hili tunaliomba ulisome mara mbili, kwa sababu linahusu pesa zako moja kwa moja.

Ile menyu ya kubonyeza kuanzia nyota, ile ya kwenye laini, na ujumbe wa "umepokea shilingi kadhaa kutoka kwa fulani", vyote hupita kwenye mnara wa simu. Havipiti kwenye Wi-Fi ya dishi. Ukiweka dishi mahali pasipo na mnara, utatazama video, utapiga simu kwa WhatsApp, lakini kwa simu ya kawaida hutapata ujumbe wa malipo na hutaweza kutuma pesa kwa menyu. Programu yetu ya simu janja inaweza kufunguka kupitia Wi-Fi, ila kuisajili mara ya kwanza kunahitaji ujumbe wenye namba za siri, na huo unataka mnara.

Turkana hili si jambo dogo. Tangu 2015, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipoanzisha Bamba Chakula Kakuma, sehemu ya msaada wa chakula imekuwa ikiingia kwa laini ya simu. Laini ikiwa haina netiwaki, ni unga ambao haujafika jikoni. Kama unataka kufungua duka la kupokea malipo mahali papya, nenda kwanza na simu ya kitufe, ya bei ya chini kabisa. Ikipata netiwaki pale, biashara inawezekana. Isipopata, dishi peke yake halitakuokoa.

Upande wa pili upo pia. Mnara ukiwa na shida na dishi lako liko hai, mwenye duka aliye na programu ya biashara anaweza kufungua orodha ya malipo na kuona kama pesa imeingia, bila kusubiri ujumbe uliochelewa. Usikubali picha ya skrini. Mteja akisema "si nimelipa, ona", mwambie kwa upole: "Sawa, ngoja nami niione kwangu."

Akaunti ni ya nani?

Kakuma ilianza 1992 na Kalobeyei ikafuata 2016. Leo ni makazi ya zaidi ya watu 250,000, na wengi wao wamewahi kukwama kwenye suala la kitambulisho. Mtu anaishia kusajili laini, au akaunti ya dishi, kwa jina la rafiki. Tunaelewa kwa nini. Lakini fikiria: aliyesajili akihama, akipata nafasi ya kwenda nchi nyingine, au mkikosana tu, dishi liko kwako na ufunguo uko kwake. Anaweza kulizima akiwa mbali, na huna pa kulalamika.

Kama ni kikundi, andikeni karatasi: nani amechanga ngapi, akaunti iko kwa jina la nani, barua pepe na nywila wanazo watu wangapi, akitoka mmoja anarudishiwa nini. Sahihi za wote, nakala kwa kila mtu. Ni ukurasa mmoja, na umeokoa vyama vingi kuliko maneno matamu.

Dishi la mtumba nalo lina mtego wake. Kila dishi limefungwa kwenye akaunti ya mtu. Asipoliondoa kwake, wewe huwezi kulisajili, hata kama umelipa. Usitume pesa mpaka aliondoe na wewe ulione limekubali kwa akaunti yako, mkiwa mmekaa pamoja. Na kwa kuwa mpaka hauko mbali, uliza limesajiliwa nchi gani. Dishi la nchi nyingine linaweza kufanya kazi wiki chache, halafu baada ya miezi miwili hivi likakatwa.

Kuhusu matapeli: "nusu bei, mzigo uko Eldoret, tuma sasa" ni wimbo wa zamani wenye ala mpya. Kabla ya malipo kukamilika, jina la anayepokea linatokea kwenye simu. Lisome. Kama ni jina la mtu binafsi na ulidhani unalipa kampuni, simama hapo hapo.

Nikiuza Wi-Fi kwa majirani?

Wazo zuri, ila si la kuanza gizani. Mipango ya nyumbani kwa kawaida hairuhusu kuuza tena huduma, na kuuza intaneti kwa umma Kenya kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Kuna aina ya leseni iliyowekwa kwa ajili ya mitandao ya jamii, kwa makundi madogo kama ya vijijini. Uliza kwanza. Vifaa vikichukuliwa baada ya kuchanga 65,000, hasara ni ya wanachama.

Maswali saba kabla ya kulipa

1. Kwa miezi mitatu iliyopita nimetumia ngapi kwa bando?
2. Nina bei ya vifaa pamoja na bili tatu?
3. Stima itatoka wapi saa mbili usiku?
4. Simu ya kitufe inapata netiwaki hapa?
5. Anga iko wazi, na dishi litakaa mbali na bati la moto?
6. Akaunti iko kwa jina la nani, na karatasi iko wapi?
7. Mwezi mbaya kabisa wa mwaka, bili italipwa na nani kwa jina?

Ukijibu yote saba bila kusitasita, nunua. Zahanati inayohitaji kutuma taarifa kila siku, shule yenye bajeti iliyopitishwa, saiba yenye wateja wanane na zaidi, hao dishi linawafaa, na tumefurahi kwamba sasa lipo kwa bei ambayo mwaka 1970 hakuna mtu angeiota.

Ukikwama kwenye la pili au la saba, usione aibu. Fungua akiba leo, weka kidogo kidogo kwa jina la "dishi", na uendelee na bando zako. Vifaa vilishuka bei kati ya 2023 na 2024, ila bei hubadilika, kwa hiyo ukisubiri endelea kuiangalia. Na siku utakapolinunua, liwe la kukaa.